Ndege kutoka Tanga: Pemba, Unguja au Dar, na saa utakazozitumia kweli

Kila Idi inapokaribia, simu yangu haipoi. Jirani, shemeji, mwenzangu wa kazini, wote wana swali moja: "Ndege ya Pemba inachukua dakika ngapi?" Wananiuliza mimi kwa sababu mama yangu ni mtu wa Wete, Pemba, aliyeolewa Tanga, na kwa miaka mingi tiketi zake za kwenda kwao nazikata mimi. Jibu ni jepesi: dakika ishirini na kitu. Tabu ni kwamba jibu hilo halimsaidii mtu kuchagua. Safari yake haianzii uwanjani na haiishii uwanjani. Anayetoka Makorora kwenda Konde ana saa zake, anayetoka Raskazone kwenda Kariakoo ana zake, hata wakipanda ndege moja.

Kwa hiyo nayaandika yote mahali pamoja: umbali wa viwanja, muda wa hewani, na muda wa kutoka mlango wa nyumba yako hadi mlango wa unakokwenda, kwa safari tatu tunazozifanya sana watu wa Tanga. Msimamo wangu nautoa mapema ili uupime ukiwa unasoma. Kwa Pemba, ukiwa na nauli, panda ndege wala usijiulize mara mbili. Kwa Unguja, ndege inawafaa wengi kuliko wanavyodhani. Kwa Dar, basi bado ndilo langu, isipokuwa mtu awe na sababu.

Umbali wenyewe

Ukitafuta mtandaoni utapata namba zinazogombana. Huyu anakupa kilomita 80 kutoka Tanga hadi Pemba, yule 90 na kitu. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Mmoja amepima mji hadi mji, mwingine uwanja hadi uwanja, wa tatu amechukua katikati ya kisiwa, na Pemba ni kisiwa chenye urefu wa zaidi ya kilomita 60, kwa hiyo ukihamisha nukta kidogo tu hesabu inabadilika.

Unaweza kuipata mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Uwanja wa Tanga uko nyuzi 5.09 kusini mwa ikweta na nyuzi 39.07 mashariki. Uwanja wa Pemba, ulio karibu na Chake Chake, uko 5.26 kusini na 39.81 mashariki. Huku kwetu karibu na ikweta nyuzi moja ni kama kilomita 111, uende kusini au uende mashariki. Tofauti ya kusini ni 0.17, sawa na kilomita 19. Tofauti ya mashariki ni 0.74, sawa na kilomita 82. Sasa ile hesabu ya pembetatu mraba tuliyofundishwa sekondari: 19 mara 19 ni 361, 82 mara 82 ni 6,724, jumla 7,085, na kipeuo chake cha pili ni 84. Kilomita 84, basi, uwanja hadi uwanja. Safari nyingine nimezipiga kwa njia hiyo hiyo. Muda wa hewani nimeuhesabu kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, na nitaeleza chini kwa nini.

| Safari | Umbali wa mstari mnyoofu | Muda hewani |
|---|---|---|
| Tanga – Pemba | km 84 | dakika 17 |
| Tanga – Unguja | km 126 | dakika 25 |
| Tanga – Dar es Salaam | km 198 | dakika 40 |
| Pemba – Unguja | km 125 | dakika 25 |
| Unguja – Dar es Salaam | km 73 | dakika 15 |

Tazama mstari wa pili na wa nne. Kutoka Tanga hadi Unguja na kutoka Pemba hadi Unguja ni umbali ule ule, tofauti haifiki kilomita 2. Watu wengi wa hapa mjini huiona Unguja kuwa mbali kwa sababu wameizoea kwa njia ya Dar, wakaiweka akilini nyuma ya Dar. Kumbe ukisimama Raskazone na kutazama kusini, Unguja iko karibu zaidi kuliko Dar, kwa kilomita 70 na ushei.

Ndege tutakayopanda

Ndege zinazotuhudumia Tanga kwa kawaida ni Cessna Caravan, ile ndogo yenye injini moja mbele na mabawa juu, ya abiria 12 au 13. Kampuni kama Auric Air na Coastal zimekuwa zikiitumia njia hii ya Tanga, Pemba, Unguja na Dar. Mwendo wake wa kawaida ukishatulia angani ni kama kilomita 300 kwa saa, na hapo ndipo nilipoichukua ile namba ya kwenye jedwali.

Lakini ratiba haitakuandikia dakika 17. Itaandika 25 au hata 30, na si kwamba wanakudanganya. Muda wa ratiba huanza ndege inapoondoka ilipoegesha na huisha inaposimama tena. Ndani yake kuna kutembea hadi mwisho wa njia, kugeuka, kupanda juu ikiwa bado nzito na haina kasi, na kule mwisho kuzunguka ili ishuke kwa kuukabili upepo. Dakika 8 hadi 10 zinakwenda hapo, kwa safari ndefu na kwa fupi vile vile. Ndiyo maana safari ya Dar ni zaidi ya mara mbili ya safari ya Pemba kwa kilomita, lakini kwenye ratiba ikiwa ya moja kwa moja huioni kuwa mara mbili.

Upepo nao una mkono wake, japo si mkubwa kama watu wanavyosema. Chukua Tanga na Unguja, karibu kusini moja kwa moja. Wakati wa Kusi, ule msimu wa upepo wa kusini, upepo ukija usoni kwa kilomita 30 kwa saa, ndege inabaki na 270 juu ya bahari, na zile kilomita 126 zinachukua dakika 28. Ukirudi na upepo huo mgongoni unapata 330, dakika 23. Tofauti ya dakika 5. Baharini upepo huo huo unaweza kukuongezea saa, ukakutapisha, au ukaizuia meli isitoke kabisa.

Kinachobadilisha muda wa ndege kuliko upepo ni vituo, na hili naomba ulisome taratibu. Ndege ya Tanga kwenda Dar si lazima iende Dar moja kwa moja. Inaweza kupita Pemba, kisha Unguja, ndipo Dar. Jumlisha: 84, 125 na 73 ni kilomita 282 badala ya 198. Muda wa hewani unakuwa dakika 57 badala ya 40, ongeza kutua na kuruka mara mbili zaidi, kushusha watu na kupakia wengine, na safari uliyoambiwa ni ya "dakika 40 tu" inakaribia saa 2. Kwa hiyo unapokata tiketi usiulize "mnaruka dakika ngapi". Uliza: "Inatoka saa ngapi, inafika saa ngapi, na inatua wapi katikati?" Maswali matatu, na karani mzuri atakujibu bila kutazama pembeni.

Pemba: hapa ndege haina mpinzani wa kweli

Mtu wa Tanga anayekwenda Pemba ana njia tatu za halali. Ndege. Meli ya kutoka bandari ya Tanga, siku inapokuwepo. Na ile njia ya kuzunguka, basi hadi Dar, boti hadi Unguja, kisha boti au meli nyingine hadi Mkoani, bandari ya Pemba.

Ya kuzunguka nimeifanya mara moja na sikuirudia. Hebu iangalie kwenye ramani: unakwenda kusini karibu kilomita 350 kwa barabara, unavuka bahari kwenda Unguja, halafu unapanda kaskazini tena hadi usawa wa ulikotoka. Pemba iko mkabala na Tanga. Usiku ukiwa Mkoani na uchovu wako unajua kabisa kwamba nyumbani ni ng'ambo tu ya maji. Siku nzima imekwisha, na mara nyingi na usiku wake, na ukijumlisha nauli tatu, bajaji, chakula cha njiani na pengine malazi ya Unguja, ile nafuu ya bei uliyoikimbilia imeshayeyuka nusu.

Meli ya moja kwa moja ni habari nyingine, na siwezi kuidharau. Ina nauli ya chini, na inachukua mzigo. Mwenye kupeleka godoro, magunia ya machungwa ya Muheza, mashine ya kushonea ya dada yake, hana njia nyingine, maana ndege ndogo hizi kwa kawaida zinampa abiria kilo 15 tu. Kasoro ya meli ni siku. Haitoki kila siku, na ratiba yake hubadilika kwa hali ya bahari na kwa matengenezo, kwa hiyo inambidi msafiri aifuate meli na si meli imfuate yeye. Harusi unaweza kuipanga iifuate meli. Msiba haupangiki. Uliza pia inafunga gati Mkoani au Wete, maana Mkoani ni kusini kabisa ya kisiwa. Kutoka hapo hadi Chake ni kama kilomita 30, na Wete ni nyingine kiasi hicho hicho juu yake. Uwanja wa ndege uko karibu na Chake, katikati, na mtu wa Wete na mtu wa Mkoani wote wanapata nusu ya njia.

Sasa hesabu ya mlango hadi mlango, kwa mama yangu. Nyumbani hadi uwanjani kwa bajaji, dakika 15. Uwanja wetu uko kando ya barabara ya kwenda Muheza, karibu na mji kiasi kwamba hata foleni ya asubuhi haikufungi. Saa nzima ya kungoja, kupimwa begi na kupimwa mwenyewe. Dakika 25 za ndege. Dakika 15 za kuchukua mzigo na kumsalimia shemeji aliyekuja kumpokea. Dakika 45 za gari hadi Wete. Jumla haifiki saa 3, na kati ya hizo amekaa hewani kwa muda ambao mchele haujaiva jikoni. Akitoka hapa baada ya chai, anakula chakula cha mchana kwa dada yake.

Nasema njia tatu za halali kwa sababu ya nne ipo na wote tunaijua. Ni zile boti na majahazi yanayoondoka usiku kwenye bandari bubu, mtu anaambiwa alfajiri utakuwa Pemba. Mkondo wa Pemba si maji ya kuchezea. Karibu na pwani yetu kina kinazama haraka, na katikati kinapita mita 800. Ndiyo bahari wanamoishi silikanti, samaki wale wa kale wanaovuliwa huku kwetu hadi ikatengwa hifadhi yao mwaka 2009. Januari 2017 chombo cha mbao kilichotoka Tanga kwenda Pemba kilizama, na watu wasiopungua 12 wakafa. Wengine wao walikuwa wanawake na watoto. Ninapolinganisha bei, chombo kile sikiweki kwenye mizani. Kama nauli ya ndege haipo, ngoja meli. Kama meli haipo, piga simu, tuma rambirambi, uende wiki ijayo.

Unguja: saa 12 kwa saa 3

Kwa Unguja hakuna anayebishana kuhusu muda. Kwa ndege ya moja kwa moja ni dakika 35 za ratiba, na uwanja wa Unguja uko Kisauni, karibu na mji, unaingia Darajani muda si mrefu. Ukihesabu na kungoja, ni saa 2 na nusu hadi 3 kutoka nyumbani.

Kwa basi na boti, unaondoka stendi ya Kange hapa Tanga saa 12 asubuhi. Saa 6 mchana au baadaye kidogo uko stendi ya Magufuli, Mbezi. Kutoka Mbezi hadi bandarini Posta ni safari nyingine, na Dar ina foleni zake. Boti ya kasi inachukua kama saa 2, na ya mwisho huondoka alasiri. Basi likiharibika kidogo Mkata, au foleni ikikushika Ubungo, boti imekwenda na wewe umelala Dar. Anayefanikiwa kufika siku hiyo hiyo anafika kwa saa 12, kachoka. Asiyefanikiwa analipa chumba.

Hapo ndipo nasema ndege inawafaa wengi kuliko wanavyodhani. Watu hulinganisha tiketi ya ndege na tiketi ya basi. Linganisha tiketi ya ndege na basi, daladala au mwendokasi, boti, chakula mara mbili, na siku moja ya kazi uliyoipoteza. Fundi, mwenye duka, mama lishe, siku yake moja ina bei, na yeye ndiye anayeijua. Ndege bado itakuwa ghali zaidi, sitaki kukudanganya, ila pengo litapungua kuliko ulivyoliona mwanzo. Kwa kijana asiye na haraka, mwenye begi moja na nguvu za miguu, njia ya Dar bado ni sawa kabisa. Kwa mzee wa miaka 70 aliyepangiwa daktari kesho asubuhi, siioni kuwa njia.

Dar: basi, ila...

Barabara ya Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350, wakati ndege inahitaji 198. Tofauti hiyo kubwa inatokana na umbo la barabara yenyewe: unakwenda kwanza ndani, magharibi hadi Segera, kisha unashuka Mkata, Mbwewe, Wami, Msata hadi Chalinze, ndipo unageuka kuifuata tena pwani. Basi haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na kwenye vijiji ni 50, na vijiji ni vingi. Kwa hiyo saa 6 ni saa 6, hata dereva awe hodari vipi. Siku barabara ya pwani ya kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo itakapokamilika yote na mabasi yakaizoea, hesabu hii itabidi niiandike upya. Watu wa Bagamoyo nao, ambao sasa wakija Tanga wanazungukia Msata, watatufikia kwa njia ya mkato.

Kwa nini basi nachagua basi? Kwa sababu ya wingi wake. Kange mabasi ya Dar yanaondoka tangu alfajiri, ukilikosa hili unapanda lile. Ndege ukiikosa, umeikosa, na nyingine huenda ni kesho. Mtu anayeondoka na kurudi kwa shughuli zisizojulikana zitaisha saa ngapi, ndege inamfunga. Halafu ile ndege inayopita visiwani inakula muda, ukiongeza na saa ya kungoja hapa na foleni ya Barabara ya Nyerere kule, unaokoa saa 3 au 4 kwa pesa zilizozidi nauli ya basi mara kadhaa. Mimi saa 4 hizo nazilala ndani ya basi.

Ila kwa mgonjwa anayekwenda Muhimbili, kwa mama mwenye kichanga, kwa mtu mwenye mgongo usiovumilia kukaa, na kwa anayeunganisha ndege ya kwenda nje, hapo nabadilika. Kwa huyu wa mwisho tahadhari moja: ndege ndogo kwa kawaida hutumia jengo la 1 pale uwanja wa Julius Nyerere, na ndege kubwa za nje ziko jengo la 3. Si jengo moja na si mlango wa pili. Ni mwendo wa gari. Weka saa 3 nzima kati ya kutua na kuruka, hata kama ratiba inakuambia zinatosha 2.

Mambo ya ndani ya ndege ambayo jedwali halisemi

Ndege nzima, na mafuta, na watu, na mizigo, haitakiwi kuzidi kama tani 4 inaporuka. Ndiyo maana unapandishwa kwenye mizani wewe na begi lako, na rubani anaweza kukuambia "Mama, njoo ukae huku mbele" akakutenganisha na mwanao. Si ukorofi, anasawazisha uzito. Begi liwe laini, la kitambaa. Sanduku gumu la magurudumu halikunjiki, na sehemu ya mizigo iko chini ya tumbo la ndege, haina nafasi ya kubembeleza. Kilo 15 ukizigawa kwa mambo ya Pemba, halwa kilo 5, mikate ya kufungasha, kanga za zawadi, zimekwisha. Karafuu usizibebe bila kibali. Biashara yake Zanzibar iko mikononi mwa serikali na wanakagua kweli.

Ngazi ya kupandia ni nyembamba na mlango ni mfupi. Mama ana magoti mabovu, kwa hiyo huwa nawaambia watu wa uwanjani mapema, wanampandisha wa kwanza kabla ya msukumano. Ndege hii haina mfumo wa kubana hewa kama zile kubwa. Mwenye mafua makali masikio yatamuuma wakati wa kushuka, na mtoto mchanga mpe ziwa au chupa dakika zile, atameza mate na masikio yatafunguka.

Kaa kulia ukienda Unguja moja kwa moja, uione pwani ya Pangani na Saadani. Ukienda Pemba, upande wowote. Kwanza unaona bandari yetu na visiwa vyake, Toten na Jambe, maji yakiwa na rangi ya kijani ya shingo ya njiwa. Kisha ghafla, kama mtu aliyekata kitambaa kwa mkasi, maji yanakuwa buluu ya wino. Hapo ndipo mkondo unapoanza. Mama huacha kuongea akifika hapo. Hufungua mdomo tena akikiona kisiwa cha Misali, na mikoko ya Pemba nyuma yake.

Saa ya kwenye tiketi

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma. Miaka kadhaa iliyopita mama alikuwa anakwenda kwenye arobaini ya dada yake Wete. Nikamkatia tiketi, ikaja kwenye simu, imeandikwa 10:00. Nikasoma saa kumi. Kichwani mwangu ilikuwa saa kumi alasiri, kama ambavyo ningeisoma popote pengine, na siku ile nilikuwa na shughuli nyingi sikuirudia. Nikamwambia mama, "Ndege yako ya alasiri, pumzika kwanza."

Tulifika uwanjani saa nane mchana, mama amevaa buibui lake jipya, kakamata mkoba wa vitu vya wanawe wa kule. Kijana wa mapokezi akaangalia simu yangu, akamwangalia mama, akasema kwa upole kabisa, "Shikamoo mama. Ndege hii imeondoka saa nne asubuhi." Hakukuwa na ndege nyingine siku ile. Arobaini ilisomwa usiku huo, mama akaisikiliza kwa simu, amekaa kwenye mkeka, na mimi nimekaa mlangoni.

Tiketi zote za ndege zinatumia saa za kizungu, zile za 24. Inayoandikwa 10:00 ni saa nne asubuhi, ya 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, ya 16:00 ndiyo saa kumi. Sasa tiketi ikija naichapisha kwenye duka la stationari pale Ngamiani, kisha nachukua kalamu nyekundu na kuandika juu yake kwa maneno: saa nne asubuhi, toka nyumbani saa mbili na nusu. Mama huikunja mara nne na kuiweka ndani ya kitambaa chake cha pesa, na usiku wa kuamkia safari huifungua akanisomea kwa sauti, neno kwa neno, nami nikiwa upande wa pili namwitikia.